Miezi minane ya bawasiri isiyokuwapo: tathmini ya kliniki ya magonjwa ya njia ya haja kubwa

Kwa miezi minane nilijitibu bawasiri ambayo sikuwa nayo. Naanza na kauli hiyo kwa sababu ndiyo mizani niliyoitumia kuipima kliniki ninayoieleza hapa: kliniki ndogo inayoshughulikia magonjwa ya mkundu na puru pekee, ambayo nimehudhuria mara nne kama mgonjwa na mara mbili nikimsindikiza kaka yangu, na ambayo sitaitaja kwa jina kwa kuwa yapo mambo yake nitakayoyalaumu. Puru, kwa asiyelizoea neno hilo, ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana ambamo kinyesi husubiri kabla ya kutoka. Mkundu ni mlango wenyewe. Neno hili la pili wengi wetu hulimeza kana kwamba ni tusi, tukasema "huku nyuma" au "sehemu zile", na sina shaka kwamba kulikwepa neno hilo kulichangia sana kunichelewesha.

Dalili zangu zingekuwa wazi kwa yeyote ambaye angejipa taabu ya kuniuliza. Kila nilipokwenda haja kubwa nilisikia maumivu makali ya kukata, mithili ya kupitisha kigae cha chupa, na baada ya kumaliza yalifuata maumivu mengine ya kubana na kuunguza yaliyodumu saa moja, mara nyingine tatu, hata nikawa naahirisha kwenda chooni mpaka kesho yake. Na kwa kuahirisha, choo kilizidi kuwa kigumu, na ugumu ule ukazidisha maumivu. Damu ilikuwa kidogo, nyekundu mbichi, ikionekana kwenye karatasi ya kujipangusia. Muuzaji wa duka la dawa aliposikia neno damu hakuningoja nimalize. "Hiyo ni bawasiri, mama," alisema, akanipa tyubu ya dawa ya kupaka. Kituo cha afya nilichokwenda baadaye hakikufanya zaidi ya hapo: aliyenihudumia aliandika vidonge vya kuingiza kwa njia ya haja kubwa bila kuinuka kitini. Ile dawa ya kupaka ilikuwa na steroidi, ambayo hutuliza mwasho lakini haifai kutumiwa zaidi ya wiki moja hivi bila daktari kuiangalia ngozi, nami niliipaka kwa miezi. Ngozi ikawa nyembamba, ikaanza kuwasha usiku na mchana. Nikawa na magonjwa mawili, mmoja wangu na mwingine wa tyubu.

Nianze na mapokezi, maana hapo ndipo kliniki inapoanza kupoteza alama. Karani aliyekuwa mezani aliniuliza tatizo langu kwa sauti iliyosikika hadi benchi la mwisho, na nilipojibu kwa kunong'ona alirudia jibu langu kwa sauti ileile ili ahakikishe amelisikia sawasawa. Mtu ambaye amekusanya ujasiri kwa miezi minane anaweza kugeuka mlangoni kwa jambo dogo kama hilo, na karatasi fupi ya kujaza mwenyewe ingetosha kuliondoa. Nilipewa miadi ya asubuhi nikaonwa baada ya saa mbili. Isitoshe, viti vya kungojea ni vya mbao tupu visivyo na mto, katika jengo ambalo kila aingiaye ana sababu ya kuogopa kiti. Nusu ya wagonjwa tulikuwa tumesimama ilhali viti vilikuwa wazi, na mgeni angedhani tunaheshimiana kupita kiasi.

Ndani ya chumba cha daktari mambo yalikuwa tofauti kabisa. Daktari bingwa wa upasuaji, mwanamume wa makamo, alinisalimu, akaniomba radhi kwa kungojeshwa, kisha akaniuliza kama ningependa muuguzi wa kike awemo muda wote. Nilikubali, naye akawemo tangu mwanzo hadi mwisho. Maswali yalichukua muda mrefu kuliko uchunguzi wenyewe. Alitaka kujua maumivu huanza kabla ya choo, wakati wa choo au baada yake; damu hudondoka, hupaka karatasi au huchanganyika na kinyesi; kuna kitu kinachotokeza, na kama kipo, hurudi chenyewe au husukumwa kwa kidole; kuna usaha, homa au uvimbe unaouma hata nikiwa nimekaa tu; uzito wangu umepungua; choo changu kimebadilika kwa wiki kadhaa kikawa chembamba, cha mara kwa mara au cha kubadilikabadilika; na kama ndugu yangu wa damu amewahi kupata saratani ya utumbo mpana. Aliuliza dawa ninazomeza, hasa zile za kuzuia damu kuganda, na vidonge vya madini ya chuma, ambavyo hukifanya choo kuwa cheusi na mara nyingi kigumu. Aliuliza pia, kwa sauti ileile ya kawaida na bila kukunja uso, kama nimewahi kufanya tendo la ndoa kwa njia hiyo, akaeleza kuwa humuuliza kila mtu mzima kwa sababu kisonono, klamidia, kaswende na malengelenge vinaweza kulichoma puru na kuleta dalili zinazofanana na za magonjwa mengine. Swali likiulizwa hivyo halimvunji mtu heshima.

Kisha akatazama. Naliandika neno hilo peke yake kwa kuwa ndilo nililolikosa kwa miezi minane. Nililala ubavu wa kushoto, magoti nimeyakunja kuelekea kifuani, nikiwa nimefunikwa shuka isipokuwa pale palipohitajika, naye alitaja kila alichotaka kufanya kabla hajakifanya. Alitenganisha matako polepole, akamulika taa, akaniomba nisukume kidogo kama mtu anayejisaidia, na kwa muda usiozidi dakika moja akasema ameona. Hakuingiza kidole wala chombo chochote. "Leo nikiingiza kidole nitakuumiza bure, na jibu tumeshalipata," alisema. "Tutaliangalia puru maumivu yakishapungua, maana sipendi kuacha damu bila kujua yote." Kwa maoni yangu sentensi hizo mbili ndizo zinazoitofautisha huduma hii na nyingine: ya kwanza inaonyesha daktari anayejua wakati wa kutogusa, na ya pili inaonyesha daktari asiyeridhika na jibu la kwanza kwa sababu tu limekuja kirahisi.

Ugonjwa wangu ulikuwa mchaniko, yaani ufa mwembamba kwenye ngozi laini ya ndani ya mlango wa haja kubwa. Aliandika kwenye kadi yangu kuwa uko "saa 6", na hapo tukapata kichekesho kidogo. Madaktari wa fani hii hueleza mahali kwa kufuata uso wa saa, namba 12 ikiwa upande wa mbele na namba 6 upande wa uti wa mgongo. Mimi niliyelelewa kuhesabu saa kwa Kiswahili nilisoma saa sita nikaona akilini mwangu mshale uliosimama juu kabisa, kwenye 12, nikajiona nimechanika upande wa mbele. Nilipomuuliza alicheka, akayakata maandishi yale na kuandika upya "namba 6". Si jambo dogo. Michaniko mingi mno, takriban tisa katika kila kumi, huwa nyuma kwenye mstari wa katikati. Kwa wanawake baadhi huwa mbele. Lakini mchaniko ulioko pembeni, mbali na mstari huo, humfanya daktari afikirie mambo mengine kama ugonjwa wa Crohn, ambao ni uvimbe sugu wa utumbo, kifua kikuu, kaswende, VVU au saratani. Kadi isomwayo vibaya na daktari mwingine inaweza kumpeleka njia nyingine kabisa.

Maelezo aliyonipa, akichora nyuma ya karatasi ya maabara, ndiyo yaliyonifanya nielewe mwili wangu baada ya muda mrefu wa kuuchukia. Mlango wa haja kubwa una misuli miwili ya kuufunga: wa nje, ambao mtu huuamuru mwenyewe, na wa ndani, ambao hukaza bila kuombwa. Choo kigumu kikichana ngozi, msuli wa ndani hujikunja kwa maumivu na kubaki umekaza. Ukikaza, damu inayofika kwenye jeraha hupungua. Na jeraha lisilopata damu ya kutosha haliponi, hivyo choo kinachofuata hulichana upya. Ndiyo maana maumivu yangu yaliendelea kwa saa nzima baada ya choo kwisha: ulikuwa ni msuli uliokataa kulegea. Mchaniko ukidumu zaidi ya wiki sita hadi nane huhesabiwa kuwa sugu, na kwenye ukingo wake wa nje huota kinyama kidogo cha ngozi. Kinyama hicho ndicho nilichokuwa nikikigusa wakati wa kuoga na kukiita bawasiri.

Bawasiri, kwa upande wake, si kitu kigeni kinachoota. Kila mtu ana vifuko laini vyenye mishipa ya damu ndani ya mlango huo, na kazi yake ni kusaidia kuziba vizuri. Huitwa ugonjwa pale vinapovimba, vinapotoa damu au vinapoteremka. Bawasiri ya ndani kwa kawaida haiumi, kwa sababu utando wa eneo lile la juu hauna mishipa ya fahamu ya maumivu kama ngozi. Dalili yake kubwa ni damu nyekundu isiyo na maumivu, na kutokeza. Bawasiri ya nje huuma hasa damu ikiganda ndani yake, na hapo mtu huamka na uvimbe mgumu wenye rangi ya zambarau, unaouma vibaya siku mbili tatu za mwanzo kisha hupoa wenyewe katika siku na wiki zinazofuata. Kwa hiyo mtu anayelia kila akienda haja, na ambaye hana uvimbe wowote, ana sababu ya kutilia shaka jina la bawasiri hata kabla hajavua nguo. Hakuna aliyeniambia hivyo kwenye duka la dawa, na sidhani kama muuzaji yule alilijua.

Tiba niliyoandikiwa ilikuwa ya kawaida kiasi cha kunikatisha tamaa. Kwanza, choo kilainike: nyuzinyuzi za chakula, au makapimlo kama wataalamu wa lishe wanavyoziita, zifikie gramu 25 hadi 35 kwa siku, zikisaidiwa na unga wa maganda ya ispaghula unaokorogwa kwenye maji, na maji yenyewe yawe ya kutosha siku nzima. Unga huu nitauhukumu kando. Unafanya kazi, hilo sina ubishi nalo. Ndani ya wiki moja choo kilikuwa laini na chenye umbo. Lakini siku nne za mwanzo nilijaa gesi kama puto, kwa sababu nilianza na kipimo kizima badala ya kupanda taratibu, na maelekezo ya kupanda taratibu yalikuwa kwenye kijikaratasi nilichopewa siku ninaondoka baada ya ziara ya pili. Pia ukiuacha kwenye glasi kwa dakika chache unaganda kama uji mzito usiomezeka. Ukorogwe na unywewe papo hapo, na maji mengine yafuate.

Pili, beseni. Kukalia maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku na hasa baada ya choo, huulegeza ule msuli wa ndani. Nilitarajia kwamba nitaandikiwa niweke chumvi au dawa ya kuua vijidudu, lakini nilikatazwa vyote viwili pamoja na sabuni yenye manukato, kwa sababu ngozi yangu ilikuwa imekwisha kuchokozwa vya kutosha. Kwa mwasho ule ulioletwa na steroidi, amri ilikuwa ni kuacha dawa, kuosha kwa maji matupu, kukausha kwa kugusagusa bila kusugua, na kupaka mafuta mazito ya kukinga ngozi. Watu wengi wenye mwasho wa mkundu hujiosha kupita kiasi wakidhani ni uchafu, na kumbe kule kujisugua ndiko kunakouendeleza. (Kwa mwasho wa usiku wa watoto, na wa watu wazima wanaoishi nao, kliniki hutafuta kwanza minyoo midogo kwa kubandika utepe wa kunata asubuhi kabla ya kuoga, kipimo rahisi ambacho sikuwahi kukisikia.)

Tatu, marhamu ya kulegeza msuli. Nilianza na ya nitrogliserini ya asilimia 0.4, ambayo hupanua mishipa ya damu na kuurudishia msuli utulivu. Niliambiwa mapema kuwa huwaletea wengi maumivu ya kichwa, na kuwa haichanganywi kamwe na dawa za nguvu za kiume kama sildenafili kwa kuwa presha inaweza kushuka vibaya. Kichwa kiliniuma kila nilipoipaka, maumivu ya kugonga yaliyonilaza nusu saa, na siku ya tano nilipiga simu. Hapa kliniki inastahili sifa: muuguzi aliyepokea hakuniambia nivumilie, bali aliongea na daktari na jioni ileile nikabadilishiwa diltiazemu ya asilimia 2, inayofanya kazi hiyohiyo bila kuumiza kichwa kwa kiasi kile. Nilipewa wiki nane. Maumivu yalipungua kwa nusu kufikia wiki ya pili, na kufikia wiki ya sita nilikuwa nakwenda haja bila kujikaza meno.

Nilielezwa pia ngazi zilizobaki endapo marhamu ingeshindwa, nikazipenda jinsi zilivyopangwa kutoka ndogo kwenda kubwa: sindano ya sumu ya botulinamu, inayoulegeza msuli kwa miezi michache, kisha upasuaji mdogo wa kukata sehemu ya msuli wa ndani upande mmoja, ambao huponyesha zaidi ya tisa katika kumi lakini una hatari ndogo ya kumwachia mtu udhaifu wa kuzuia upepo au kinyesi. Daktari alisema hatari hiyo hufikiriwa mara mbili kwa mwanamke aliyezaa, kwa kuwa uzazi nao unaweza kuwa umeijeruhi misuli hiyo bila yeye kujua. Hakunisukuma kuelekea kwenye kisu, ingawa bila shaka kisu ndicho kinachoiletea kliniki mapato zaidi.

Sasa kaka yangu. Ana miaka 52, na alipoona nimepona alinikiri, "Mdogo wangu, hata mimi natoka damu," akaongeza kwamba ni mwaka wa pili. Yake haikuuma. Ilidondoka chooni baada ya choo, na kuna kitu kilichotokeza ambacho alikirudisha kwa kidole. Madaktari hupanga bawasiri ya ndani katika daraja nne: ya kwanza hutoa damu bila kutokeza, ya pili hutokeza na kurudi yenyewe, ya tatu hurudishwa kwa mkono, ya nne hairudi. Kwa maelezo yake tu mtu angesema daraja la tatu na kuanza tiba. Daktari alimpima kwa kidole, akamchungulia kwa anoskopu, bomba fupi lenye taa ambalo kaka alisema linasumbua zaidi akilini kuliko mwilini, akaziona bawasiri zenyewe, na bado akakataa kuzifunga siku hiyo. Alisema mtu wa umri ule anayetoka damu anaweza kuwa na sababu mbili kwa pamoja, na ile inayoonekana isiwe kisingizio cha kutoitafuta isiyoonekana. Akamwandikia kolonoskopia, yaani kipimo cha kuutazama utumbo mpana kwa ndani kwa mrija mrefu wenye kamera.

Maandalizi ya kolonoskopia ndiyo kasoro ya pili kubwa ya kliniki hii. Utumbo hauwezi kutazamwa ukiwa na kinyesi, kwa hiyo mgonjwa hunywa vinywaji visivyo na chembe siku ya kuamkia kipimo na dawa ya kuusafisha utumbo kwa awamu. Kama usafishaji si mzuri, kipimo hurudiwa. Maelekezo hayo yote alipewa kwa mdomo, mlangoni, huku mgonjwa mwingine akiitwa. Kaka yangu alichelewa kunywa awamu ya pili na kipimo kikaahirishwa kwa wiki mbili. Kipimo kilipofanyika, akiwa amechomwa dawa ya usingizi mwepesi, walikuta kinyama kidogo kimeota utumboni, mbali na bawasiri, wakakiondoa papo hapo na kukipeleka maabara. Hakikuwa saratani, bali kilikuwa cha aina ambayo ikiachwa kwa miaka inaweza kugeuka saratani. Kwa taarifa ya wasomaji wa umri wangu, jopo la kitaifa la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga liliteremsha mwaka 2021 umri wa kuanza kuchunguza saratani hiyo kutoka miaka 50 hadi 45, na hilo ni kwa watu wasio na dalili yoyote. Mwenye dalili hasubiri umri.

Baada ya hapo ndipo bawasiri zilipofungwa kwa vipete vya mpira. Chombo hunyonya kile kifuko cha ndani na kukivisha kipete kidogo kwenye shina, juu ya mstari ambapo hisia za maumivu huanzia. Kifuko hukosa damu, hunyauka na kudondoka ndani ya siku tano hadi kumi hivi. Alifungwa viwili siku ya kwanza na kimoja baadaye, bila sindano ya ganzi. Anasema alihisi uzito, kama mtu anayetaka kwenda haja na hawezi, kwa siku mbili. Aliambiwa wazi kwamba siku vinapodondoka anaweza kuona damu kidogo, na kwamba damu nyingi, homa, maumivu yanayozidi au kushindwa kukojoa ni mambo ya kurudi hospitali usiku uleule bila kungoja kliniki ifunguliwe. Namba ya dharura hata hivyo hawana. Baada ya saa za kazi simu hulia tu. Kwa kliniki inayompa mgonjwa orodha ya hatari za usiku, huo ni upungufu usio na udhuru.

Upasuaji mkubwa wa kuondoa bawasiri hufanyika hospitali kubwa wanayoshirikiana nayo, kwa hiyo siwezi kuutathmini. Najua tu kwamba njia ya kuacha vidonda wazi vipone vyenyewe, iliyoelezwa na Milligan na Morgan wa Hospitali ya St Mark's, London, mwaka 1937, ingali inatumika, na kwamba wiki zinazofuata baada yake huuma. Yeyote anayetangaza dawa ya kuunguza bawasiri nyumbani ili kuukwepa upasuaji huo anauza hatari: daktari alitueleza juu ya wagonjwa ambao mlango wao umebana kwa makovu ya dawa za namna hiyo hadi kinyesi kikapita kwa shida.

Aliyenielekeza kliniki hii ni mfanyakazi mwenzangu, naye hadithi yake ni ya tatu na tofauti. Alipata uvimbe moto, mwekundu, wenye kupwita pembeni mwa mkundu, pamoja na homa. Hilo ni jipu, na jipu la mahali pale halitibiwi kwa vidonge vya antibiotiki peke yake. Hupasuliwa usaha utoke. Alipasuliwa siku hiyohiyo, akapata nafuu kabla hajafika nyumbani, na akaambiwa kuwa sehemu kubwa ya majipu hayo, kati ya thelathini na hamsini katika mia, huacha fistula, yaani kijia kinachounganisha ndani ya mkundu na ngozi ya nje na kuendelea kuvuja. Yake iliacha. Alipitishiwa uzi ndani ya kijia hicho ili usaha uendelee kutoka bila misuli kukatwa, na ametembea na uzi huo kwa miezi kadhaa sasa, akifanya kazi zake zote. Nilipomwona amekata tamaa nilimkumbusha kwamba mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipasuliwa fistula mwaka 1686, bila dawa ya usingizi, na daktari wake Félix akapata heshima na mali kwa kazi hiyo. Alinijibu kuwa mfalme hakuhitaji kukaa kwenye kile kiti cha mbao cha mapokezi.

Ningempeleka nani pale? Mtu yeyote mwenye maumivu, damu, uvimbe, usaha au mwasho uliozidi wiki mbili, hasa aliyekwisha kupewa jina la ugonjwa na mtu ambaye hakumtazama. Lakini mwenye damu nyingi isiyokoma, anayesikia kizunguzungu, mwenye choo cheusi kinachonata kama lami, au mwenye homa kali na uvimbe unaokua kwa saa, asiende kliniki ya miadi. Aende idara ya dharura. Na aliyepungukiwa damu au uzito bila sababu, au ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki nyingi, aseme hivyo kwa mdomo wake hata kama karani amepaza sauti, kwa kuwa taarifa hizo ndizo zitakazoamua kama atapata marhamu au kolonoskopia.

Katika alama kumi ninawapa nane. Moja nimeiondoa kwa mapokezi na maelekezo ya mdomo, na nyingine kwa simu isiyopokelewa usiku. Ushauri mdogo zaidi wa daktari, kwamba nisikae chooni zaidi ya dakika tano na simu ibaki nje, na kwamba niweke kijistuli miguuni ili magoti yapande juu ya nyonga, sijauhesabia alama, ingawa kwa kweli ndio ninaoufuata kila siku.

Katika ziara ya tatu, maumivu yakiwa yamekwisha kupungua, daktari alitimiza ahadi yake, akapima kwa kidole chenye glovu na jeli, akachungulia kwa anoskopu na kukuta puru safi, lenye vifuko vya kawaida visivyohitaji jina lolote. Katika ziara ya nne alitazama tu. Muuguzi alikuwa na kadi yangu mkononi, akauliza aandikeje, na daktari akamwambia aandike kwa namba, si kwa saa. Ninayo kadi hiyo hadi leo: "Namba 6, pamefunga. Hakuna maumivu. Aendelee na makapimlo."